Wenye uvimbe wa tezi shingoni, Lindi na Mtwara: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Lindi mjini:
Ndugu zangu, nimeondolewa tezi ya thairoidi kwa sababu ya saratani. Kwa kuwa huku kwetu rovu, yaani uvimbe wa tezi hii, husitiriwa kwa mtandio miaka mingi kabla halijaonyeshwa daktari, naomba kila aliyepitia jambo hili aeleze alivyopimwa na anavyotibiwa.

Uvimbe wangu ulikuwa mdogo kama korosho, ukipanda na kushuka kila nilipomeza mate, na kwa sababu haukuuma nilikaa nao miaka miwili. Zahanati ya kwanza niliyokwenda walinipa dawa za koo. Sauti ilipoanza kukwaruza ndipo nilipopimwa kwa utrasaundi, kisha nikachomwa sindano nyembamba ya kuvuta chembe za uvimbe, na majibu yakaonyesha saratani ya papilari, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi kwenye tezi hii na kwa kawaida hukua taratibu. Siku ya pili baada ya upasuaji midomo na vidole vilikufa ganzi: nyuma ya tezi kuna vitezi vinne vidogo vinavyosimamia kalsiamu ya damu, navyo huweza kuathirika, kalsiamu ikashuka na ganzi ikaja. Sasa nameza levothairoksini, dawa ya kuziba pengo la homoni ya tezi, kila alfajiri, nusu saa au zaidi kabla ya chai, na vidonge vya kalsiamu naviacha mpaka muda wa saa nne upite. Mwezi wa Ramadhani daktari alinihamishia dawa usiku, ukishapita muda wa saa tatu baada ya futari.

Mchangiaji, Newala:
Pole sana dada. Mama yangu ana rovu kubwa, na tulikuwa tumeshakata tamaa tukiamini ni saratani, lakini sindano hiyo hiyo ilionyesha kuwa siyo, kama ilivyo kwa vivimbe vingi vya tezi hii. Muuguzi alituuliza tunakula nini. Tulimjibu kuwa ni ugali wa muhogo karibu kila siku, na chumvi ghafi ya pwani tunayonunua kwa kisado, ambayo haijatiwa madini joto. Akatueleza kuwa sumu ya muhogo, hasa usiolowekwa na kukaushwa vizuri, hugeuka mwilini kuwa kitu kinachoizuia tezi kuchukua madini joto, na madhara huwa makubwa pale madini hayo yanapokuwa haba. Muhogo hatukuuacha, wala tusingeweza. Tulibadilisha chumvi, tunaihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, na tunaitia mboga inapokaribia kuiva.

Mchangiaji, Kilwa:
Mimi ni mwanamume, na tezi yangu inafanya kazi kupita kiasi. Nilikonda huku nikila vizuri, mikono ikatetemeka, moyo ukaenda mbio hata nikiwa nimelala, macho yakatoka. Wapo walioninong'ona, wapo waliotaka nipelekwe kwa mganga. Kipimo cha damu kilionyesha TSH, homoni inayoichochea tezi na ambayo hushuka tezi inapozidisha kazi, imeshuka mno, nikaanzishiwa kabimazoli, dawa ya kuipunguza kasi tezi. Anayeitumia dawa hii akipata homa pamoja na koo kuuma asingoje: aende hospitali siku hiyo hiyo apimwe chembe nyeupe za damu, kwa kuwa kwa watu wachache dawa huzishusha ghafla.