GPS ya njia za theluji: inaweza kutuongoza usiku kati ya Mwanza na Ukerewe?

Mvuvi wa Kirumba:
Ndugu zangu, naomba msaada wa wenye uzoefu. Mdogo wangu anayefanya kazi Ontario, Kanada, amenipa GPS ya mkononi aliyokuwa akiitumia kwenye pikipiki za theluji. Anasema huko njia huvuka hata maziwa yaliyoganda, nazo huwekewa vijiti vya kuonyesha pa kupita, lakini upepo ukipeperusha theluji vijiti havionekani, na hapo ndipo kifaa hiki kilipomsaidia. Nimeona hali hiyo inafanana na yetu, kwa sababu tunatoka Mwaloni jioni, tunavua dagaa siku za giza upande wa Ukerewe, na kuna alfajiri tunarudi ukungu ukiwa umefunika hata taa za mji.

Yananisumbua mambo mawili. Ramani iliyomo ina njia za huko tu, na ziwa letu ni doa la buluu lisilo na kitu ndani yake. Pia mwenzangu aliniandikia kwenye karatasi mahali lilipo jiwe moja la hatari, "02 25 50" kusini, nikaingiza kama nilivyosoma, lakini tulipopita mchana alama kwenye kioo ilikuwa mbali kabisa na jiwe lenyewe. Je, kifaa ni kibovu, au kimetengenezwa kwa ajili ya Kanada peke yake?

Mpima ardhi, Nyamagana:
Kaka, kifaa chako ni kizima. Setelaiti zinazotumika Kanada ndizo zinazopita juu ya Mwanza, kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kifaa kikipata mawimbi ya nne kati ya hizo kinajua kilipo bila mtandao wa simu. Mara ya kwanza baada ya safari ndefu kiache mahali pa wazi kwa dakika kadhaa, kijitafute.

Tatizo lako limo katika uandishi wa namba. Mwenzako alimaanisha digrii 2, dakika 25 na sekunde 50. Ninaamini kifaa chako kimepangwa kusoma dakika zenye desimali, ukaandika 25.50, yaani dakika 25 na nusu, ambayo ni sekunde 30. Sekunde hizo 20 zinazokosekana ni zaidi ya mita 600 majini, umbali unaotosha kukufanya uamini umelipita jiwe wakati bado liko mbele yako. Ingia kwenye mipangilio, chagua digrii, dakika na sekunde, kisha uingize upya. Hakikisha pia herufi ni S, kwa kuwa kifaa kilichotoka Kanada huenda bado kinaanza na N, na ukiiacha hivyo alama ya eneo hilo itaangukia Uganda, si mbali na Lira. Kama namba zilitolewa kwenye ramani za zamani za karatasi, uliza pia msingi wake wa vipimo: nyingi zilichorwa kwa Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84, na tofauti kati ya mifumo hiyo hapa kwetu ni kama mita 300.

Nahodha, mzaliwa wa Ukara:
Nakubaliana na mpima ardhi, ila nakuomba sana usikiamini kile kistari kinachochorwa unapochagua Nansio, bandari ya Ukerewe, na kuamuru kifaa kikupeleke. Mstari huo umenyooka tu kutoka ulipo hadi unapokwenda, na haujui kisiwa, jiwe, wala nyavu za makila zilizotegwa majini. Ramani yenye doa la buluu isikutishe, kwa maana njia utaiandika wewe mwenyewe. Toka mchana, maji yakiwa yametulia, washa kurekodi njia, uende polepole na mtu akae omoni, yaani mbele ya mtumbwi, na upondo (mti mrefu wa kusukumia mtumbwi) akipima kina. Usiku utafuata njia hiyo hiyo iliyorekodiwa. Usitegemee kumbukumbu ya zamani, kwani tangu ziwa lilipojaa mwaka 2020 na tena 2024, mawe tuliyozoea kuyaona yamekaa ndege yaliingia chini ya maji.

Jambo jingine: kama kifaa hakina dira ndani yake, mshale huonyesha uelekeo mkiwa mnatembea tu. Mkizima mashine ili mvue, mshale utazunguka ovyo, na nimewahi kumwona kijana akigeuza mtumbwi kuufuata. Tembea kwanza mita chache, ndipo uusome, na dira ya kawaida iwe karibu nawe.

Mama wa boti, Igombe:
Beba betri za akiba ndani ya mfuko usioingiza maji, na ukifunge kifaa kwa kamba. Punguza pia mwanga wa kioo usiku, kwa kuwa ukikitazama sana huoni tena kilicho mbele ya mtumbwi.

Mvuvi wa Kirumba:
Ninawashukuru kwa moyo wote. Nilibadilisha mpangilio, na alama ikahamia upande wa kusini. Jumamosi tulitoka Mwaloni saa nne asubuhi huku tukirekodi, mwanangu akiwa omoni. Tulipoikaribia alama nilizima mashine, tukasogea kwa kasia, na upondo ukagota kwenye jiwe maji yakiwa hayafiki hata kiunoni, ingawa juu hapakuonekana chochote. Nimeongeza alama tatu kulizunguka, na njia yetu inapita mita 200 magharibi yake.