Naomba ushauri: kusoma The Hunger Games na vijana wa Gulu

Habari zenu wadau. Kikundi chetu cha kusoma hapa Gulu, kaskazini mwa Uganda, kina vijana wa miaka 14 hadi 17, na kitabu hiki cha Suzanne Collins cha 2008 wamekishika hasa. Mgawanyo ni rahisi: sura 27, sehemu tatu za sura tisa tisa, kwa hiyo sura tatu kwa wiki. Nakala moja inazunguka kwa watatu. Anayetangulia huwatobolea wenzake siri, basi tumekubaliana wa kwanza aandike maswali, asisimulie.

Bahati nasibu ya sura ya kwanza, inayochagua watoto wa kupelekwa kupigana hadi kufa, tunaifanya kwa vikaratasi vya majina ndani ya sufuria. Katniss, msichana anayesimulia, ana vikaratasi 20; rafiki yake Gale ana 42. Kila kikaratasi cha nyongeza anachokubali kijana humpatia nafaka na mafuta kiduchu ya mtu mmoja kwa mwaka, na hapo ndipo vijana wanapoona jinsi njaa inavyomtia maskini hatarini kuliko tajiri.

Ninapokwama ni sura ya 11, watoto 11 wanapouawa siku moja, na ya 18, kifo cha Rue, msichana mdogo aliyeungana na Katniss. Familia nyingi hapa watoto wao walitekwa na waasi wa LRA (Lord's Resistance Army). Sitaki kuziruka, kwa maana ndizo moyo wa kitabu.

Je, zisomwe kwa sauti pamoja, au kila mmoja kimya kisha tuzungumze? Wazazi waambiwe kabla? Na kijana akitaka kutoka katikati, nani amfuate nje? Waliowahi kuongoza vikundi Kitgum au Lira, tafadhali nielekezeni.