Tupeane uzoefu: ukaguzi wa sare mstarini, kwenu ulikuwaje?

Wakuu, shule zinafunguliwa na nyumba nzima inasaka soksi nyeupe. Hebu tupeane uzoefu: nani alikuwa mnoko zaidi, mwalimu wa zamu au kiranja?

Nianze mimi. Nilisoma sekondari enzi za modo, zile suruali za kubana miguu. Mwalimu wa nidhamu alikuwa anakuja mstarini na chupa tupu ya soda. Anaiachia ndani ya mguu wa suruali. Ikitokea chini, umepona. Ikikwama, anatoa wembe na kufumua mshono mpaka gotini, palepale, unashinda siku nzima suruali inapepea. Aliyefaidi ni fundi cherehani wa jirani: Ijumaa anabana, Jumatatu alfajiri anaachia.

— Kwetu kiranja. Hujachomekea, anakuandika. Ukimpa andazi, jina halifiki ofisini. 😂

— Sisi wasichana tulipigishwa magoti, sketi ya marinda iguse sakafu. Kidato cha pili nikarefuka ghafla, mama hana hela ya sketi mpya, akaunga upindo wa bluu iliyokoza zaidi. Matroni akasema urefu sawa, rangi siyo. Nikafyeka nyasi nyuma ya bweni wiki nzima, na urefu nilipewa na Mungu!

— Huku Kenya suala la sare lilifika hadi Mahakama ya Juu. Shule moja ya Isiolo iliyofadhiliwa na kanisa, mgogoro wa hijabu. Mahakama ya Rufaa iliwapa wasichana Waislamu haki ya kuivaa na sare 2016, Januari 2019 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo.

— Naongea kama mzazi. Huku Tanzania ada shule za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia 2016, sawa, lakini sare bado ni mfuko wetu. Sweta lazima liwe la shuleni, lenye nembo. Sokoni rangi ileile ni karibu nusu bei. Nikanunua la sokoni, nikashonea nembo ya sweta la kaka yake. Mtoto akarudishwa na barua. Amekosa vipindi vya asubuhi kwa ajili ya uzi! Mnanishauri nini?

— Pole mama. Usimalizane na mwalimu wa darasa, lipeleke kikao cha wazazi, mwenyekiti wa kamati ya shule awepo. Sisi tulidai nembo ziuzwe peke yake, kila mtu akashone kwa fundi wake. Walibisha kikao cha kwanza, cha pili wakakubali.