Uzi wa waliokulia kanisa la Baptisti kijijini Uganda: tupeane uzoefu wa vijana

MwanaBusia
Bwana asifiwe wapendwa. Jana nilipita kijijini kwetu, upande huu wa Busia, nikakuta kanisa letu limejengwa upya kwa matofali, nikasimama pale nje nikakumbuka mbali sana. Enzi zetu lilikuwa la udongo, mabati machache mbele na nyasi nyuma, benchi ni magogo tu yamelazwa. Mlezi wa vijana alikuwa mzee mmoja wa boda boda, sio pikipiki, nasema ile ya baiskeli kabisa, kubeba watu na mizigo kutoka boda ya kwetu mpaka boda ya Kenya (ndo jina lenyewe lilikotoka). Wiki nzima anakanyaga baiskeli, Jumamosi saa nane yuko kanisani na sisi.

Sasa kilichonifanya nianzishe huu uzi ni ufunguo. Nikiwa na miaka kumi na tatu huyo mzee alinipa ufunguo wa kanisa, umefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, akaniambia we ndo utakuwa unafungua Jumamosi, ukichelewa wenzako watakaa juani. Basi. Hakuniuliza kama nitaweza. Nyumbani hata sanduku la sukari sikuruhusiwa kufungua, yani mimi huyo huyo! Nilikuwa nalala nao shingoni, asubuhi kifua kimepata alama. Nafika saa sita, nachota maji, tunasiriba sakafu na kinyesi cha ng'ombe na wasichana wawili hivi, ikikauka wenzetu wanafika. Halafu aya ya kukariri, kila mtu kwa lugha anayoiweza, Msamia kwa yake, Mteso kwa yake, alafu wote pamoja kwa Kiswahili, "Jinsi gani kijana aisafishe njia yake? Kwa kutii, akilifuata neno lako." Zaburi 119:9, mpaka leo naweza kuisema usingizini.

Naomba kila mtu aeleze, kule kwenu vijana mlipewa nini mkononi?

Mzee wa Tororo
Mwanangu umenigusa. Sisi wa nyuma kidogo tulipewa ngoma. Amin alipopiga marufuku makanisa mengi Septemba 1977 wabatisti tulikuwemo, yakabaki Kanisa la Uganda, Katoliki, Othodoksi na Waislamu. Kanisa likafungwa. Vijana tulikuwa kumi na mmoja. Mama mmoja mshirika akatuita nyumbani kwake kila Alhamisi jioni eti tumsaidie kubangua karanga, na kweli tulibangua, karanga za kweli kabisa, lakini katikati ya kubangua mtu anasoma mstari, mwingine anaomba macho wazi, nyimbo tunaimba kwa pua tu midomo imefungwa. Mtu akipita njiani anasikia maganda yanavunjika, hakuna kingine. Ngoma ya kanisa nilikabidhiwa mimi niifiche, nikaizika ndani ya ghala la mtama la baba yangu, baba hakujua miezi mingi na alipojua hakusema kitu, aliongeza mtama juu.

Kampala ilipoanguka Aprili 1979 tukaifukua. Panya walikuwa wamekula ngozi yote, mti tu umebaki. Tukachinja mbuzi, tukawamba ngozi mpya, hatukungoja hata ikauke vizuri. Sauti ilikuwa mbaya, nzito kama inatoka majini. Watu walilia.

DadaRwenzori
Shikamoo mzee wangu. Nimesoma hiyo ya ngoma mara mbili.

Mimi ni wa Bwera, Kasese. Kwetu stori kubwa ni ubatizo. Baba yangu alikuwa Mwanglikana, nilinyunyiziwa maji nikiwa mtoto mchanga, sasa nikiwa na miaka kumi na tano nimeokoka kule kwa vijana wa Baptisti nataka kuzamishwa, baba akasema ukibatizwa mara ya pili umeniambia mimi sikuwa baba. Nilitegemea mchungaji atasema tumtii Mungu kuliko wanadamu, twende mtoni. Hakusema hivo. Alisema ngoja, mheshimu babako, wewe njoo kwa vijana kama kawaida na usimjibu vibaya. Nikangoja miaka miwili jamani, wenzangu wanazamishwa mimi nashika nguo zao ukingoni, naumia.

Siku yangu ilipofika ilikuwa asubuhi, mto Lubiriha, na maji yanayoshuka Rwenzori mnayajua, yanakata kama wembe. Natoka majini natetemeka meno yanagongana, nikaona mtu ameshika gauni langu kavu na shuka. Baba. Hakuwa ameniambia anakuja. Alinifunika ile shuka akasema tu "twende unywe chai".

mpiga_gitaa
Dada pole na hongera.

Ya kwangu sio nzuri lakini mmesema tupeane uzoefu. Miaka ya 90 slim, yani ukimwi, ilikuwa inamaliza watu, kila Jumamosi mazishi, na zile kadi za ahadi ya kujitunza mpaka ndoa, ambazo wabatisti walizileta Uganda mwaka 1994, zilifika mpaka kwetu kijijini. Tukasaini wote, na kusema ukweli zilitusaidia, mimi niko hai na wengi wa darasa langu hawapo. Lakini msichana mmoja wa kwaya akapata mimba. Sasa mnajua kwetu kila aliyebatizwa ana kura kwenye mkutano wa kanisa, hata kama una miaka kumi na sita. Kura ikapigwa atolewe kwenye kwaya na meza ya Bwana. Nilinyoosha mkono. Kijana aliyempa mimba alikuwa amekaa karibu yangu, hakutajwa, Jumapili iliyofuata alipiga gitaa.

Nilimtafuta yule dada baadaye sana, nikamwomba msamaha, akaniambia aliuona mkono wangu. Hakunichukia, lakini aliuona. Ndo hivo, kura ilikuwa mkononi mwangu mimi mwenyewe.

Mzee wa Tororo
Asante kwa kusema kijana wangu. Ni vizuri ulimtafuta.

Binti_Kyangwali
Bwana asifiwe. Mimi ni wa juzi juzi, tulivuka Ziwa Albert 2018 kutoka Ituri kule Kongo, sasa tuko kambini Kyangwali. Kanisa letu la Baptisti lilikuwa la bashi, turubai tu kwa miti. Masomo yalipofungwa kwa korona Machi 2020 mpaka Januari 2022 watoto walikuwa wanazungukaka tu, wasichana wengi waliharibikiwa. Kiongozi wa vijana akatugawia watoto, kila kijana watano watano, unawafundisha kusoma nyumbani kwao. Nilipewa watano, kitabu kimoja na kipande cha chaki. Tuliandika kwa mlango. Wanne walirudi darasani, mmoja aliolewa na miaka kumi na nne, nilienda kwao mara tatu kuongea na mama yake nikashindwa. Huyo namuombeaka kila siku.

DadaRwenzori
Mdogo wangu pole sana, ulijitahidi.
MwanaBusia, huyo mzee wa baiskeli bado yupo?

MwanaBusia
Yupo! Nilimkuta jana chini ya mwembe. Macho yamepungua, baiskeli ipo ukutani imeshika kutu. Nilimkumbusha ufunguo, akasema "ule wa tyubu", anaukumbuka. Biblia yake maandishi madogo hawezi tena kusoma, vijana wanakuja kumsomea Jumamosi lakini katikati ya wiki anakaa hivihivi.

mpiga_gitaa
Niko Jinja, kuna duka wana za maandishi makubwa, za Kiswahili. Ijumaa napita Busia kwenda upande wa pili. Nielekeze tu kwake ni wapi.