Darubini ya bunduki ya mara 6 ya bei ya kati imepotelea wapi? Kila ukigusa ni zumu, ya ukuzaji unaobadilika!

Wakuu, leo salamu fupi maana nina hasira.

Natafuta kitu kimoja: darubini ya kuwindia ya ukuzaji mmoja, 6x42 (inakuza mara 6, lenzi ya mbele milimita 42), kioo safi, bei ya kati. Sipigi shabaha ya kilomita nzima. Sihitaji taa nyekundu ndani ya msalaba wa kulengea wala vifundo vya kurekebishia shabaha virefu kama vizibo vya chupa. Ukimwambia muuzaji hivyo anakutazama juu mpaka chini, halafu anakuwekea 4-16x44 mezani: "Chukua hii mkuu, bei ni ileile na ina kila kitu."

Bei ileile! Hapo ndipo wanaponimaliza. Zumu ina lenzi nyingi zaidi, ina vipande vinavyoteleza ndani, ina pete ya kuzungusha inayotakiwa izibwe maji yasipenye. Kama bei ni ileile, hela ya kulipia hayo yote imetoka wapi? Imekatwa kwenye kioo na kwenye springi zinazoshikilia msalaba, basi. Wewe unashangilia 16, mwenzio kapunguza gharama.

Na hiyo 16 ya nini porini? Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa mwanga unaofika jichoni. 44 kwa 16 ni milimita 2.75. 42 kwa 6 ni milimita 7, na mboni ya kijana gizani hufunguka kama 7 hivi, sisi wenye umri kidogo hata hatufiki huko. Jioni, mnyama anapotoka kichakani, yule wa 16 anaona kivuli. Halafu kwa mita 100, mara 16 inakuonyesha upana wa mita 2 na kidogo tu. Mnyama akipiga hatua mbili unaanza kumsaka upya ndani ya darubini. Mara 4 inakupa kama mita 8.

Najua mtakuja na "nunua 3-9x40 uiache kwenye 6". Kwa mwanga sibishi, inatoa 6.7. Lakini kwa nini nilipie 3 na 9 nisizozitumia? Na zile za bei hii, nyingine ukizungusha pete tu risasi inahama pale ulipoisawazisha. Pete yenyewe inaguswa na begi njiani, hujui saa ngapi.

Sasa tuje kwenye hizo chache za ukuzaji mmoja zilizobaki, maana nazo ni vituko. Juu kuna za bei ya kuuza ng'ombe. Chini kuna 4x32 za kila sampuli, na nyingi zimetengenezwa kwa bunduki ndogo za .22, paralaksi, yaani umbali ambao msalaba hautembei ukisogeza kichwa, imewekwa kwenye mita 50 hivi, na boksini hawaandiki! Weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, lenga karatasi ya mita 100, usiiguse, sogeza kichwa tu kushoto na kulia. Utaona msalaba unatembea juu ya karatasi peke yake. Kwa 32 iliyowekwa mita 50, kosa la juu kabisa kwenye mita 100 ni sentimita 1.6, kwenye mita 200 ni karibu 5. Kwa mnyama mkubwa unaweza kuvumilia, sawa. Ila mtu anayelipa ana haki ya kujua.

Kinachonikera kuliko vyote ni neno "imepakwa", yaani lenzi imepakwa tabaka la kupunguza mwanga unaorudi. Lenzi zote siku hizi zimepakwa kitu fulani, swali ni nyuso ngapi na tabaka ngapi. Uso wa kioo kisichopakwa hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga. Ukiwa na nyuso 10 za hivyo, theluthi ya mwanga imepotea kabla haijafika jichoni. Iliyopakwa tabaka nyingi kwenye nyuso zote ni habari nyingine kabisa, na mtengenezaji aliyefanya hivyo hawezi kuficha. Akiandika "imepakwa" peke yake, ujue kapaka anapoonekana.

Nafasi ya jicho, yaani umbali wa jicho kutoka lenzi ya nyuma, ndiyo kabisa, nayo unabahatisha. Bunduki yenye teke kali inataka sentimita 9 au zaidi. Muuzaji mmoja nilipomuuliza akajibu "ya kawaida". Ya kawaida ndiyo hiyo inayopasua watu nyusi.

Vifundo navyo: robo MOA (MOA ni pembe, sehemu moja ya sitini ya digrii) maana yake kila "tik" moja isogeze risasi milimita 7 hivi kwenye mita 100. Nimeshika moja dukani, inazunguka laini bila kusikika tik, nikizungusha sijui nimefika wapi. Nikaambiwa itakaza ikizoea. Springi gani inakaza kwa kuchakaa?

Kwa hiyo, mwenye 6x42 au 4x33 ya bei ya kati anayoiwindia kweli, kwenye bunduki yenye teke, ataje jina lake hapa. Aseme paralaksi imewekwa mita ngapi, jicho linakaa sentimita ngapi, na akizungusha tik 20 juu, 20 kulia, 20 chini, 20 kushoto, risasi inarudi kwenye tundu la kwanza au hairudi. Picha za boksi msilete.