Nina leseni ya Baraza tayari: je, uanachama wa chama cha wafamasia unanisaidia nini katika kituo cha afya?

Mfamasia_wa_Kata

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari za kazi. Mimi ni mfamasia katika kituo cha afya cha serikali huku Nyanda za Juu Kusini, na mwenzangu katika fani hii ni fundi dawa msaidizi mmoja tu. Stoo, dirisha la kutolea dawa, kadi za stoo, maombi ya kwenda Bohari ya Dawa, yote yanatuangukia sisi wawili. Jina langu limo katika rejesta ya Baraza la Famasi na leseni yangu iko hai. Sasa niliosoma nao wananihimiza nijiunge na Chama cha Wafamasia Tanzania, nami sijaelewa ada ya pili italeta kitu gani ambacho ya kwanza haikuleta.

Nikitazama shughuli za chama kwa mbali, naona mikutano ya mijini na mijadala ya hospitali kubwa. Shida yangu ni nyingine: hapa seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, inaandikwa kwa karibu kila mgonjwa mwenye homa, na nikihoji naonekana kijana anayetaka kumfundisha daktari kazi. Naomba maelezo ya mtu aliyewahi kufanya kazi katika ngazi hii.

Stoo_Kuu

Marahaba, mdogo wangu. Tuanze kwa kutenganisha vyombo hivi viwili, kwa kuwa wengi huvichanganya. Baraza liliwekwa na Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, na kazi yake ni kumlinda mwananchi: linasajili, linatoa leseni, linakagua, na mtu akikulalamikia ndilo litakalokuita ujieleze. Halikuundwa ili likutetee. Chama ni cha wafamasia wenyewe, na ndicho kinachoweza kusema kwa niaba yao pale miongozo na ikama za vituo, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa, zinapojadiliwa. Usidharau hilo. Kwa miaka mingi dawa za zahanati na vituo vya afya zilishikwa na muuguzi au mhudumu yeyote aliyepata nafasi, na maduka ya dawa muhimu yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 yalibuniwa kwa sababu wafamasia hawakutosha vijijini. Kuwepo kwa mfamasia katika kituo cha kata ni jambo ambalo bado linahitaji watu wa kulitetea, na mtumishi mmoja mmoja hana kikao cha kulipeleka.

Hata hivyo, naona swali lako hasa ni la seftriaksoni, na ni hapo mimi niliona faida. Ukiwa peke yako hoja yako inabaki kuwa maoni ya mtu mmoja. Nilipokuwa kituoni, wanachama wenzangu niliofahamiana nao kwenye mkutano wa mwaka walinipa fomu waliyokwisha kuitumia, iliyotokana na viashiria vya matumizi ya dawa vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1993. Kwa kituo kimoja unachukua angalau mahudhurio 100 ya wagonjwa wa nje, kisha unahesabu wastani wa dawa kwa kila mgonjwa, asilimia ya waliopewa antibiotiki, asilimia ya waliochomwa sindano, dawa zilizoandikwa kwa majina yake ya kitaalamu badala ya majina ya biashara, na zile zilizomo katika Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu. Matokeo unayapeleka kwenye kamati ya dawa na tiba bila kutaja jina la mwandikaji yeyote. Mganga mfawidhi aliyekuwa akinikatiza niliposema kwa mdomo alikaa akasoma jedwali lile mpaka mwisho, akaanza kuuliza maswali.

HanaKadi

Naomba nipunguze matumaini kidogo. Chama cha taaluma si chama cha wafanyakazi. Ukicheleweshewa stahiki au ukihamishwa bila utaratibu, mlango wako ni TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, na ukishtakiwa na mgonjwa, usidhani kwamba kadi ya uanachama ni bima. Nimewaona vijana wakilipa ada kwa kutarajia mambo hayo, kisha wakavunjika moyo.

Vilevile, fomu kama hiyo mtu anaweza kuipata kwenye kundi la WhatsApp bila kulipa hata senti. Ninachokushauri ni kuuliza kwanza kama wanachama wa mkoa wako hukutana kweli, na mara ngapi. Wasipokutana, mtu wa kata ya mbali atakuwa anachangia mikutano asiyoweza kuihudhuria, maana nauli na ruhusa ya siku tatu ni gharama kuliko ada yenyewe.

Mswahili_wa_Leeds

Nimesoma kwa makini, kwa kuwa hata huku Uingereza swali hili lipo. Jumuiya ya wafamasia iliyoanzishwa mwaka 1841 iliwahi kuwa msajili na chama kwa pamoja. Mwaka 2010 usajili ukahamishiwa baraza linalojitegemea, na tangu hapo uanachama ni hiari ya mtu. Kisha, kuanzia mwaka 2015, wafamasia wakaanza kupelekwa kwa wingi kwenye kliniki za madaktari wa familia, na mwaka 2019 mpango ukapanuliwa. Wengi walijikuta ni mfamasia pekee katika jengo zima, sawa na ndugu yetu. Waliojiunga walipata mlezi wa kitaaluma kutoka kliniki nyingine, mtu wa kumpigia simu kuhusu suala gumu la dawa, na utaratibu wa kupima na kuthibitisha ujuzi wao hatua kwa hatua. Bima hununuliwa kando, kwa hiyo HanaKadi amesema kweli.

Kuhusu WhatsApp siafiki sana. Kundi linakupa jibu la usiku huo, lakini haliwezi kuingia makubaliano na taasisi. Ushirikiano wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao tangu mwaka 2019 umewakutanisha wafamasia wa Uingereza na wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulipitia Chama cha Wafamasia wa Jumuiya ya Madola.

Mfamasia_wa_Kata

Nawashukuru nyote. Ada nitaiamua baada ya kuulizia vikao vya mkoa, kama alivyoshauri HanaKadi, lakini hesabu naianza sasa. Kaka Stoo_Kuu, nichukue mahudhurio ya mwezi uliopita? Na je, wajawazito wa kliniki na wagonjwa wa CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, waingie?

Stoo_Kuu

Hapana, hao uwaache, kwa sababu dawa zao zinafuata ratiba maalumu na zitapotosha asilimia zako. Tumia Kitabu cha 5 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), yaani rejesta ya wagonjwa wa nje, na usichukue mwezi mmoja: tawanya sampuli yako katika miezi 12. Ukichukua masika peke yake, daktari wako atasema ni nimonia za msimu, na atakuwa na haki. Fomu nitakutumia kwenye ujumbe wa faragha jioni hii.