Watoto wa Bi Mwanaidi

IJUMAA

19:04 Dada Rukia: Asalaam aleikum watoto wa Bi Mwanaidi. Nimeongea na Mama jioni hii. Kile kidonge chake cha mifupa, cha kila Jumatatu, amekiacha tena. Anasema kinamchoma kifuani mpaka machozi yanamtoka. Wiki ya 3 hii hajakimeza na hakuna aliyesema humu.

19:05 Dada Rukia: Pingili moja ya mgongo imeshashuka tangu siku ile ya ndoo. Mnangoja ya pili?

19:07 Dada Rukia: Nimeulizia. Kuna dawa ya dripu, anawekewa mara 1 kwa mwaka, kama dakika 15 hivi, anarudi nyumbani. Haipiti tumboni, kiungulia hakuna. Najua mko hewani, tiki za bluu naziona.

19:31 Hamisi: Waaleikum salaam. Mara 1 kwa mwaka? Mwenye nyumba wangu naye angekuwa hivyo 😂

19:32 Dada Rukia: Hamisi, leo sitaki.

19:40 Saidi: *Imesambazwa mara nyingi* MIFUPA INAUMA? Chukua unga wa mlonge, maganda ya mayai yaliyosagwa, asali vijiko 3, kunywa siku 21 utapanda mnazi...

19:41 Hamisi: Mama apande mnazi?? Na nani atamshusha

19:42 Saidi: Nimetuma tu jamani

19:43 Dada Rukia: Saidi futa hiyo. Daktari alisema maziwa na dagaa ale, lakini mfupa ukishakonda hivyo chakula peke yake hakitoshi.

19:50 Hamisi: Basi supu ya makongoro. Natoa mimi, kila Jumapili.

19:51 Dada Rukia: Uko Mbagala, Mama yuko Ngamiani. Utaituma kwa basi?

19:52 Hamisi: Kwa kondakta ninayemwamini 😂

22:48 Zuhura: Samahanini, nimetoka kazini sasa. Huku Muscat bibi wa nyumba ninayofanya kazi ana ugonjwa huohuo. Anachomwa sindano ndogo ya tumboni kila miezi 6. Haumwi, anakula, anasafiri. Kwa nini Mama asipewe hiyo?

22:50 Dada Rukia: Hata hiyo sawa. Dripu au sindano, vyote vinataka hela. Kila mmoja elfu 80 kabla ya Jumanne, kwa namba yangu ileile. Zuhura wewe uko kwenye riyali, ongeza kidogo.

22:58 Zuhura: Nitatuma. Ila safari hii nione risiti. Isiwe kama bati.

22:59 Dada Rukia: Bati tena?

22:59 Dada Rukia: Miaka 6 Zuhura! Fundi alikula hela mkamuacha, mimi niliyehangaika juani ndiye mwizi?

23:02 Zuhura: Sijasema mwizi. Nimesema risiti.

23:03 Hamisi: Humu ndani kumeanza kuvuja

23:10 Salim: Mimi ndiye ninayelala chini ya hizo bati. Mkitaka kujua zinavuja wapi niulizeni mimi.

23:11 Dada Rukia: Wewe Salim unaishi na Mama, hujui kama ameacha dawa?

23:11 Dada Rukia: Salim?

JUMAMOSI

06:41 Asha (Dodoma): Shikamooni. Shangazi Rukia, nimesoma yote usiku sikutaka kuingilia. Naomba niseme kama mfamasia, daktari wake ndiye ataamua.

06:44 Asha (Dodoma): Dripu ni nzuri kwa mtu ambaye vidonge vinamshinda. Lakini kwanza apimwe damu kuona figo, maana zikiwa zimechoka sana hapewi. Akiambiwa kiwango cha figo kusafisha kreatinini, yaani taka ya kwenye damu, kiko chini ya 35, hiyo dawa basi. Kalsiamu na vitamini D navyo viwe sawa kabla. Na akiwekewa mara ya kwanza, siku 2 au 3 anaweza kupata homa na mwili kuuma kama mwenye mafua makali. Anywe maji, apewe panadoli. Mkimuona anatetemeka msije mkasema dawa imemuua.

06:47 Asha (Dodoma): Halafu lile jino lake bovu la nyuma. Aonwe na daktari wa meno, kama ni la kung'olewa ling'olewe na fizi ipone kabla ya dripu au sindano. Ni nadra, lakini dawa hizi kwa baadhi ya watu zinafanya mfupa wa taya usipone baada ya kung'oa.

06:52 Asha (Dodoma): Sindano ya miezi 6, Shangazi Zuhura, nayo inafanya kazi. Kasoro yake haitaki kucheleweshwa. Ukiiacha bila kupewa dawa nyingine ya kushikilia, mfupa unarudi kukonda haraka na pingili zinaweza kuvunjika, tena kadhaa kwa mpigo. Dripu ikichelewa mwezi haina neno, inakaa kwenye mfupa muda mrefu. Sindano haina subira hiyo.

06:53 Asha (Dodoma): Na sisi, mnisamehe, mchango wa arobaini ya Babu tuliumaliza mwaka uliofuata.

07:15 Hamisi: Asha umetuchoma sindano asubuhi yote hii

07:16 Saidi: 🙏🙏

07:20 Dada Rukia: Ahsante mwanangu. Basi ni dripu, tumemaliza. Mjadala umefungwa. Elfu 80 Jumanne.

11:36 Mwanahawa (mke wa Salim): Wifi Rukia shikamoo. Samahanini nachelewa, nilikuwa na bando la usiku tu. Salim hajui habari za kidonge kwa sababu anakuwa amelala. Mama anafunga Jumatatu na Alhamisi. Kidonge ni cha Jumatatu. Basi alikuwa anakimeza saa 10 usiku wakati wa daku, na chai ya maziwa, akishaswali anarudi kujilaza kwa ajili ya mgongo.

11:38 Mwanahawa (mke wa Salim): Nilimwambia karatasi inasema maji matupu. Akaniambia chai nayo ni maji.

11:39 Hamisi: 😂😂😂 Huyo ndiye mama yangu

11:52 Asha (Dodoma): Ee Mola. Hapo ndipo penyewe. Kile kinamezwa tumbo tupu, na glasi nzima ya maji matupu, akae wima au asimame nusu saa, asile wala asilale. Akilala kinakwama kooni na kuchoma. Na maziwa yanaizuia dawa isiingie mwilini. Kwa hiyo ameumia bure, hata mfupa haukufaidi.

11:53 Dada Rukia: Kwa hiyo kidonge hakina kosa?

11:55 Asha (Dodoma): Siwezi kusema hivyo. Wapo wanaofuata yote na bado kinawachoma. Akihamisha siku, tuseme Jumapili, pengine atakiweza. Ila kwa sasa asikiguse mpaka daktari amwangalie koo, hasa kama kumeza kunauma. Na swali ni kama mgongo utamruhusu kukaa wima hiyo nusu saa.

11:58 Mwanahawa (mke wa Salim): Dakika 10 anaweza. Zaidi ya hapo anatafuta mto. Madera yake nimeyapunguza pindo mara 2 tangu mfungo mosi, yalikuwa yanaburuza.

12:04 Zuhura: Mara 2? Mbona hamkusema?

12:09 Mwanahawa (mke wa Salim): Hakuna aliyeuliza, wifi.

13:27 Mjomba Athumani: Asalaam aleikum. Nimetoka swala ya adhuhuri, kijana kanisomea yote. Mimi na mama yenu tumbo moja. Bibi yenu alikuwa mrefu kumpita babu yenu, kila mtu Pangani analijua hilo. Mgongo ulimpinda tukasema ni uzee. Siku tuliyomzika, mwanandani ulichimbwa kwa urefu wa mtoto na nafasi ikabaki. Mimi ndiye niliyeshuka kumpokea. Sasa nawauliza. Tangu jana mnapanga dripu, mnapanga sindano, mnahesabiana bati. Nani kati yenu amemuuliza Mwanaidi anataka nini?

13:28 Saidi: Waaleikum salaam. Shikamoo Mjomba

13:28 Hamisi: Shikamoo Mjomba

13:30 Zuhura: Shikamoo Mjomba 😢

14:02 Dada Rukia: Shikamoo Mjomba. Tumekosea. Tutamuuliza.

14:20 Dada Rukia: Mwanahawa, muulize Mama kwa upole. Na nani atampeleka Jumatatu kupima figo? Na jino?

14:41 Salim: Jumatatu nina zamu bandarini.

14:42 Dada Rukia: Jumanne?

15:10 Hamisi: 👍

15:11 Dada Rukia: Hamisi 👍 ni ndiyo utakuja Tanga au ni nini?

16:35 Zuhura: Nimetuma mchango. Nimemtumia Mwanahawa.

16:36 Dada Rukia: Mwanahawa??

16:37 Zuhura: Si ndiye atakayempeleka.

16:37 Dada Rukia: Sawa. Haya.

17:19 Mwanahawa (mke wa Salim): Nimeipokea wifi Zuhura, risiti nitapiga picha. Nimemuuliza Mama. Jino hataki kusikia. Kupima damu amekubali, ila siyo Jumatatu, anafunga. Kidonge kuhamia Jumapili anasema ataangalia.

17:20 Dada Rukia: Na dripu?

17:24 Mwanahawa (mke wa Salim): Anauliza siku hiyo ya dripu chai inaruhusiwa.

17:25 Hamisi: Asha njoo huku